Kioo cha Simu Hakipimi Kiuno

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu wanaoshona, wanaouza na wanaonunua nguo kwa njia ya simu, na baada ya kuzisoma zote nimegundua kwamba wengi wanaulizia programu, ilhali tatizo walilonalo ni la futi kamba. Nimechagua barua tano. Nimezifupisha bila kubadili maana, na majina ya walioziandika nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo dada mhariri. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninashona magauni ya vitenge nyumbani kwangu hapa Mwanza na kuyauza kupitia Instagram na WhatsApp. Oda ninazipata, namshukuru Mungu, hata kutoka Dodoma na Dar es Salaam. Shida yangu ni kwamba katika kila magauni kumi ninayotuma, matatu hurudi: moja limebana kifuani, jingine kiuno kimeshuka, la tatu mteja anasema tu kwamba halijamkaa. Nauli ya basi ya kwenda na kurudi ninailipa mimi. Binti yangu ananihimiza nitafute programu ya kupima watu kwa kamera ya simu. Je, ipo inayofaa, au nirudi kuwashonea majirani? *(Mshonaji, Mwanza)*

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya kufika kwenye programu, naomba tuiandike hesabu ambayo bila shaka inakunyima usingizi hata kama hujaiweka kwenye karatasi. Tuseme gauni moja unaliuza shilingi 60,000 pamoja na usafiri. Kitambaa, bitana, zipu na uzi vimekula 24,000, ufundi wako tuuthamini 15,000, mfuko wa kufungashia 1,500, na nauli ya kifurushi 5,000. Faida inayobaki ni 14,500. Gauni hilo likirudi, unalipa 5,000 ya kulirudisha na 5,000 ya kulipeleka tena, na kazi ya kulifumua na kulishona upya, hata ukiikadiria kwa huruma, si chini ya 3,000. Umebakiwa na 1,500, nayo huenda ikaishia kwenye bando ulilotumia kubembelezana na mteja. Kwa hiyo magauni matatu yanayorudi katika kumi ni karibu faida ya matatu iliyopotea, na hapo sijamhesabu mteja ambaye hakurudisha kitu, akanyamaza, kisha akawaambia wenzake.

Usijione wewe ndiye uliyeshindwa. Zalando, kampuni iliyoanzishwa Berlin mwaka 2008 kwa kuuza viatu mtandaoni, ilijipatia wateja wa Ujerumani kwa kuwaruhusu kurudisha mzigo bila malipo, na yenyewe imekuwa ikikiri kwamba karibu nusu ya bidhaa inazotuma huirudia. Wateja wengi huagiza gauni moja kwa saizi mbili huku wakijua tangu mwanzo kwamba moja litarudi, na sheria ya Umoja wa Ulaya inampa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kubadili nia bila kueleza sababu. Kampuni hiyo imeunda kitengo kizima kinachoshughulika na saizi tu, imeajiri watu wa kuvaa nguo na viatu ili mteja aonywe kwamba bidhaa fulani ni ndogo kuliko kawaida na achukue saizi ya juu, na mwaka 2020 ikainunua kampuni ya Uswisi iitwayo Fision iliyokuwa ikitengeneza teknolojia ya kupima mwili kwa kamera ya simu. Nguo bado zinarudi. Zara nayo, kampuni ya mavazi ya Hispania ambayo mkoba wake ni mpana kuliko wa wengi, ilianza mwaka 2022 kuwatoza wateja wake wa Uingereza wanaorudisha nguo kwa njia ya kifurushi.

Hiyo programu anayoitaka binti yako imewahi kujaribiwa kwa fedha ambazo mimi na wewe hatutaziona. Mwishoni mwa mwaka 2017 kampuni ya Japani iliyokuwa ikiitwa Start Today, yenye duka la mtandaoni la Zozotown, ilitangaza vazi la kupimia liitwalo Zozosuit. Toleo lililosambazwa kwa wateja wengi mwaka 2018 lilikuwa vazi jeusi la kubana mwili lenye madoadoa meupe. Mteja alilivaa, akasimama mbele ya simu yake, kisha akageuka kidogo kidogo mithili ya mshale wa saa huku kamera ikimpiga picha, na programu ikayasoma madoa hayo na kutoa vipimo vya mwili mzima. Mwanzilishi wake, Yusaku Maezawa (ndiye huyo tajiri aliyekwenda kwenye kituo cha anga za juu mwaka 2021), alikusudia kila mtu ashonewe kwa vipimo vyake. Maombi yalizidi uwezo wa kuyatengeneza mavazi hayo, mizigo ikachelewa, nguo zilizoshonwa kwa vipimo hivyo hazikuuzika kama ilivyotarajiwa, na mpango ukawekwa kando.

Mimi ninaamini sababu yake inafahamika na kila fundi aliyewahi kukaa kwenye cherehani. Mwili una vipimo, lakini mvaaji ana mapenzi yake. Wanawake wawili wenye kifua cha inchi 38 wanaweza kuvaa gauni moja, mmoja akasema limemvaa vizuri na mwenzake akasema linamkaba, kwa kuwa wa kwanza anapenda nguo imshike na wa pili anataka apumue. Kamera inakueleza mwili ulipoishia. Haikuelezi mwenye mwili anataka kitambaa kiishie wapi.

Kwa hiyo acha kumpima mteja, uipime nguo anayoipenda. Mwambie achague kabatini gauni lisilovutika ambalo likivaliwa anajisikia huru, alitandaze kitandani, alinyooshe, kisha apime kutoka kwapa hadi kwapa, kiunoni kutoka ubavu hadi ubavu, nyongani vivyo hivyo, na urefu kutoka begani hadi upindo. Hivyo vitatu vya mwanzo wewe utavizidisha kwa mbili. Namba atakazokupa zina mwili wake ndani pamoja na nafasi ya kupumulia anayoizoea, na hutalazimika kukisia kama umwongezee inchi mbili au tatu. Rekodi video ya dakika moja ukionyesha jinsi ya kupima, uitume kwa kila anayeagiza, na udai picha ya futi kamba ikiwa juu ya gauni; namba iliyoandikwa peke yake usiipokee. Wapo wanaokutumia sentimita wakidhani ni inchi, na wapo wanaokuandikia vipimo vya mwaka waliofunga ndoa.

Nalisema hili kwa uchungu wa mtu aliyeumia. Miaka mingi iliyopita nilipokea oda ya magauni kumi na mawili ya wasimamizi wa harusi, vipimo vikaja kwa ujumbe wa simu, nikakata vyote kwa siku mbili na kujisifu. Kumbe mmoja alipimwa akiwa amevaa blauzi na kanga juu, wa pili alipimwa na mumewe kwa futi ya seremala, na kitenge chenyewe sikukiloweka kabla ya kukikata, hivyo yale magauni mawili yaliyofuliwa kabla ya sherehe yakapanda juu ya goti. Nilifumua usiku kucha. Tangu siku ile kitambaa cha pamba hakipiti kwenye mkasi wangu kabla ya kupita kwenye maji, na kila ubavu ninauachia inchi nzima ya ndani, isiyokatwa, ili likibana liweze kufunguliwa na fundi yeyote wa mtaani kwa mteja bila gauni kusafiri tena. Mteja wa Dodoma ambaye gauni limembana unaweza kumtumia 3,000 ya fundi wake wa jirani, ukaokoa nauli ya 10,000.

Kwenye maelezo ya picha zako, liache neno «saizi L». Halina maana moja duniani: L ya mzigo wa Guangzhou na L ya mtumba wa Marekani ni vitu viwili. Andika kifua inchi 40, kiuno 34, nyonga 44, urefu 54, kitambaa hakivutiki. Na huyo anayesema «halijanikaa», kabla hujamruhusu kulirudisha, mwombe picha akiwa amelivaa, moja ya mbele na moja ya ubavuni. Mikunjo huongea. Mistari ya kulala inayovuta kutoka kwapa moja hadi jingine inasema kifua kimebana. Furushi la kitambaa linalokaa mgongoni juu ya kiuno linasema nyonga imezuia gauni lisishuke, wala si kiuno kilichokosewa. Utajua kosa ni la nani, na utaratibu wako uandike wazi mapema: likiwa ni kosa la ushonaji, gharama zote ni zako, vipimo vikiwa vilikosewa na mteja, nauli ni yake na marekebisho ni yako, akiwa amebadili nia tu, gauni la kushonewa halirudi. Majirani usiwaache, lakini usiiache Dodoma kwa ajili yao.

SWALI: Mhariri mpendwa, salamu kutoka Nairobi. Mimi na wenzangu wawili tumehitimu masomo ya kompyuta na tunakusudia kujenga soko la mtandaoni la mitindo ya Afrika Mashariki, ambamo mnunuzi atatengeneza sanamu yake ya kidijitali na kuivisha nguo kabla ya kununua. Yupo mtu aliye tayari kutupa mtaji iwapo tutazindua katika nchi tano kwa mpigo. Tuanzie wapi? *(Kijana, Nairobi)*

JIBU: Kijana wangu, anzia London mwaka 1999, kwa sababu wazo lenu linakaribia sana kuwa marudio. Wasweden Ernst Malmsten, Kajsa Leander na Patrik Hedelin walianzisha huko Boo.com, duka la mavazi la mtandaoni lililofunguliwa Novemba mwaka huo katika nchi 18 kwa wakati mmoja, likiwa na lugha na sarafu mbalimbali, picha za nguo unazoweza kuzigeuza pande zote, sanamu ya kuivisha, na muuzaji wa katuni aliyeitwa Miss Boo aliyekusindikiza dukani. Wakati ule watu wengi waliingia mtandaoni kwa laini ya simu ya mezani, na kurasa hizo zilikuwa nzito kiasi kwamba mnunuzi aliweza kwenda kutia chai na kurudi kabla picha haijafunguka. Zaidi ya hayo, kila nchi ilikuwa na kodi, usafirishaji na bei zake, na yote yalipaswa kufanya kazi siku ya kwanza. Mei 2000 kampuni ilifilisiwa, baada ya kutumia takriban dola milioni 135.

Ninachopenda kuwakumbusha vijana ni kilichotokea wiki chache baadaye katika mji uleule. Juni 2000 Natalie Massenet, aliyekuwa mwandishi wa mitindo, alifungua duka la mavazi la mtandaoni la Net-a-Porter akianzia kwenye nyumba yake huko Chelsea. Hakuwa na sanamu ya kuvisha. Alikuwa na kurasa zilizopangwa kama jarida, picha nzuri, maelezo yaliyoandikwa na mtu anayeijua nguo, sehemu ya kubonyeza ili kununua, na sanduku jeusi lenye utepe lililomfikia mteja mlangoni. ASOS nayo, duka jingine la mavazi la mtandaoni, ilianza London mwaka huohuo. Wote walitumia teknolojia ambayo wateja wao tayari walikuwa nayo mikononi.

Nyumbani kwetu mfano ni mkubwa zaidi. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwezi Machi 2007 haikudai simu ya kioo wala intaneti. Ilikaa ndani ya laini, kwenye simu ndogo ya tochi, na kwa sababu hiyo muuza nyanya na mwenye duka la vitambaa waliipokea siku moja. Kwa upande mwingine Jumia, soko la mtandaoni lililoanza mwaka 2012 na kuingia soko la hisa la New York Aprili 2019, ilifunga shughuli zake za Tanzania Novemba mwaka huohuo. Haikukosa wahandisi. Mzigo unaokwenda kwa bodaboda hadi mtaa usio na namba za nyumba, ukamkuta mteja aliyeahidi kulipa akiupokea amezima simu, una gharama ambayo hakuna msimbo wa kompyuta unaoifuta.

Huyo mwenye mtaji anayetaka nchi tano kwa mpigo, mwombeni awape mtaa mmoja. Kaeni wiki mbili Eastleigh, au Gikomba, au Biashara Street ya Mombasa wanakouza kanga, mkiwa na daftari badala ya kompyuta. Mtaona dada mwenye duka akipiga picha ya dera, akaiweka kwenye hali (status) ya WhatsApp saa mbili asubuhi, akaliuza dera lile dukani saa nne, kisha saa sita akapokea malipo ya lilelile kutoka kwa mteja wa Nakuru kwa kuwa picha bado ilikuwa ikining'inia. Hilo ni tatizo la kuhesabu mali. Kitu kinachofuta picha pindi nguo inapouzwa, kinachofanya kazi mtandao ukiwa dhaifu na bando likiwa limebaki chembe, kitalipiwa na wenye maduka hao hata kama sura yake haivutii mtu yeyote kwenye mkutano wa wawekezaji. Sanamu ya mwili iacheni kwa sasa, na siku mtakapoirudia mkumbuke kwamba umbo la mtu pamoja na vipimo vyake ni taarifa binafsi, nanyi mtabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kabla hamjabanwa na mshindani.

SWALI: Assalaam alaykum, bibi mhariri. Mimi ni mzaliwa wa Unguja ninayeishi Maskati. Niliagiza Dar es Salaam gauni la harusi ya mdogo wangu baada ya kuliona kwenye ukurasa wa mshonaji mwenye wafuasi wengi sana. Nililipa kamili. Lililonifikia lina rangi nyingine, lesi nyingine, na mikono iliyoshonwa kama ya sare ya shule. Mshonaji anasema ile ilikuwa «picha ya mfano». Nifanye nini? *(Mnunuzi, Maskati)*

JIBU: Waalaykum salaam, bibie. Pole, na umenipa nafasi ya kuwasema mafundi wenzangu hadharani. Kuna tabia ya kuokota picha ya gauni lililoshonwa Lagos au Paris, kulifuta jina la aliyelishona, na kuliweka kwenye ukurasa kana kwamba ni kazi ya mikono yako. Fundi huamini anaonyesha mshono anaoweza kuujaribu, mteja huamini anaonyeshwa mshono uliokwisha kufanyika, na kati ya imani hizo mbili ndipo fedha zako zilipopotelea. Picha hiyo pia ina mwenyewe kisheria, kwa kuwa hakimiliki ya picha haipotei kwa kupakiwa mtandaoni.

Kwa sasa mwandikie mshonaji kwa utulivu, ukiambatisha picha uliyoagizia, picha ya kilichofika na risiti ya malipo, umpe siku maalumu, na umdai tofauti ya thamani ikiwa gauni linavalika au fedha zote ikiwa halivaliki. Mazungumzo hayo yote yafanyike kwa maandishi, kwa maana sauti za WhatsApp watu huzifuta. Kwa safari ijayo, kabla hujalipa hata senti, omba video fupi, siyo picha, ya gauni ambalo fundi mwenyewe amelishona, likiwa limeshikwa mkononi na kugeuzwa upande wa ndani mishono ionekane. Aliyelishona atakutumia ndani ya saa moja. Lipa nusu. Baada ya kitambaa kununuliwa, akupigie picha yake mchana, karibu na dirisha, kikiwa juu ya karatasi nyeupe, kwani taa ya manjano ya dukani huigeuza nyekundu ikawa rangi ya chungwa na mauzauza ya kupendezesha picha humalizia kazi. Nusu ya pili ilipwe ukishaliona gauni kwenye video, kabla halijafungwa. Mshonaji anayeukataa utaratibu huu akisema humwamini, mwambie ni kweli.

SWALI: Nina duka dogo la magauni karibu na Darajani. Siku hizi wasichana wanaingia, wanapapasa kitambaa, wananiuliza bei, kisha wananionyesha kwenye simu gauni la China la nusu ya bei hiyo. Nishushe bei? *(Mwenye duka, Unguja)*

JIBU: Usishushe, hutafika chini walipo. Lakini jifunze wanavyofanya kazi, maana wana akili ambayo haihitaji kiwanda. Shein, iliyoanzia China na sasa makao makuu yake yako Singapore, haishoni magauni elfu kumi na kuomba yauzike. Hutengeneza pisi mia moja au mia mbili za mtindo mmoja, huziweka mtandaoni, huangalia nani anabonyeza na nani ananunua, kisha huagiza nyingine kwa viwanda vidogo vilivyounganishwa na mfumo wake, na mtindo usiopendwa huuacha ufe ukiwa mchanga. Zara, iliyofungua duka lake la kwanza A Coruña, Hispania, mwaka 1975, ilikuwa ikifanya jambo la ukoo huohuo kwa kuwauliza wauzaji wa madukani wateja wameulizia nini.

Wewe unaweza kulifanya hilo kwa magauni mawili. Shona moja la kila mtindo, ulivishe mtu wa kweli mwenye umbo la watu wa mtaani kwako, weka picha jioni, na usikate kitambaa kingine hadi upate malipo ya awali ya watu watano. Mtindo usiopata watano ubaki kuwa nguo ya dukani. Utaona kwamba fedha yako haijalala tena kwenye rafu ikisubiri sikukuu ijayo. Na kuna kazi ambayo simu ya China haiifikii: familia inayotaka sare ya wanawake kumi na wanane kwa ajili ya shughuli ya wiki ijayo, bibi wa miaka sabini akiwa miongoni mwao pamoja na mjamzito mmoja, wote kwa kitambaa kimoja na kila mmoja kwa mwili wake. Mzigo wa ng'ambo utafika kwa saizi tatu, na huenda ukafika baada ya shughuli. Weka ubao wa tarehe za mwisho za kupokea oda za Idd na za harusi, uubandike dukani na kwenye ukurasa wako, nao wasichana hao waliokuonyesha simu utawaona wakirudi na mama zao.

SWALI: Nimeibiwa mara mbili. Mara ya kwanza ukurasa wangu wenye wafuasi 14,000 ulitekwa baada ya kubonyeza kiungo kilichodai kunipa alama ya uthibitisho, na wateja wote nikawapoteza. Mara ya pili nilituma viatu na mkoba baada ya kupokea ujumbe wa malipo, kumbe ujumbe wenyewe ulikuwa wa uongo. Nifunge biashara? *(Muuzaji wa mtandaoni, Arusha)*

JIBU: Usifunge, mwanangu, ila badilisha mahali unapoziweka funguo. Ukurasa ule haukuwa wako hata kabla ya kutekwa. Ulikuwa umepangishwa bure. Wateja wako waweke kwenye daftari au jedwali lako mwenyewe: jina, namba ya simu, mji, vipimo, alichonunua na lini. Kwa kuwa hizo ni taarifa za watu, waombe ridhaa na usimpe mtu mwingine orodha hiyo, maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inamhusu hata muuza viatu. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye kila ukurasa. Hakuna mtandao unaokutumia alama ya uthibitisho kwa kiungo cha ujumbe wa faragha.

Kuhusu malipo, ujumbe wa uongo mara nyingi hutoka kwenye namba ya kawaida, hali ule wa kweli huja kwa jina la huduma yenyewe, lakini sikushauri utegemee macho yako, kwa sababu matapeli huwapigia wauzaji saa ya msongamano huku bodaboda akipiga honi nje. Tenganisha laini ya biashara na laini yako binafsi, tumia Lipa Namba, na umwambie mteja wazi kwamba mzigo hutoka baada ya salio kuthibitishwa. Kisha fungua menyu, weka namba yako ya siri, uangalie salio lenyewe, uliandike kwenye daftari karibu na jina lake, na ndipo umkabidhi bodaboda kiatu.